Ndoo Iliyovunja Bajeti

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mke wangu alikuwa mezani na daftari lake la matumizi, anajumlisha vitu vya jikoni vya mwezi ule. Nikapita nyuma yake, nikachungulia jumla, nikaguna. Ningeishia kwenye kuguna, saa hizi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nikaongeza neno:

"Hivi hapa tunakula au tunafuga?"

Hakugeuka. Akamaliza kujumlisha, akapiga mistari miwili chini ya jumla kama kawaida yake, akalifunga daftari na kulisukuma upande wangu.

"Mwezi huu jiko lako, Baba watoto. Upike wewe, na hesabu uandike wewe."

"Usinitanie."

"Nikutanie nini? Mimi nitakuwa nakula tu."

Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa na sera. Nyama, likizo. Mafuta, kwa kijiko na si kwa kumimina. Na mhimili wa sera yote ulikuwa maharage makavu: protini yake ni zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, yanakaa miezi bila friji, na ukiyapika uzito unazidi mara mbili. Nani mwingine kwenye nyumba hii anazidi mara mbili kwa kunywa maji tu?

Nikanunua kilo nane. Maharage mekundu, makubwa, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mpango ulikuwa kuyapika yote siku moja, moto mmoja, halafu nigawe kwenye vyombo na kugandisha, niwe nachomoa kidogo kidogo. Na niseme ukweli, wazo lenyewe si baya. Watu wengi wanaojua kubana matumizi wanafanya hivyo. Ila wao huanza na kilo moja.

Jioni nikayachambua kwenye ungo, nikatoa vijiwe viwili na lililotobolewa moja, nikayamimina kwenye ndoo ya lita 20. Yakafika katikati. Nikajaza maji mpaka ukingoni, nikabana mfuniko, na juu yake nikaweka sufuria tupu mbili na kikaango, panya wasije wakajaribu. Mke wangu akapita kuchukua maji ya kunywa.

"Umeloweka yote?"

"Yote."

"Sawa."

Wanaume wenzangu mlio kwenye ndoa mnaijua hiyo "sawa". Haina uhusiano wowote na mambo kuwa sawa.

Saa nane usiku nyumba ilitikisika. Kwanza *pwaa!*, kisha vyuma vikaanza kugongana na kubingirika sakafuni, kimoja kikazunguka kwa muda mrefu kabla hakijatulia. Mke wangu akanishika mkono. "Kuna mtu jikoni." Moyo ulikuwa kooni, lakini mwanaume hawezi kusema "nenda wewe". Nikachukua kilichokuwa karibu, kiatu changu cha kulia, nikanyata ukutani, nikawasha taa ghafla ili mwizi apofuke.

Hakukuwa na mwizi. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umelala chali karibu na mlango, kikaango kiko chini ya meza, na ndoo imevaa kofia. Maharage yalikuwa yamepanda kupita ukingo, yamevimba, ngozi imejikunja kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Yaliyokuwa juu yalikuwa yanaporomoka moja moja. *Tak.* Kimya. *Tak.* Maji yote yalikuwa yamekwenda. Sikuelewa yamekwenda wapi mpaka nilipokanyaga.

Hesabu hii ningeifanya kabla. Maharage makavu hunywa maji yanayokaribia uzito wake wenyewe, na yakishavimba yanadai nafasi zaidi ya mara mbili. Ndoo ikiwa nusu makavu, kesho yake ni ndoo nzima na ziada. Walisema haba na haba hujaza kibaba, ila hawakusema kibaba kikishajaa ziada inakwenda wapi. Inakwenda chini ya friji.

Nilifagia mpaka saa tisa na nusu. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, khanga mabegani, akatazama ndoo, akatazama kiatu mkononi mwangu, akarudi kulala. Hakusema kitu. Nilisikia tu kitanda kinatikisika kwa muda, na nilijua halii.

Asubuhi nikaanza kazi. Tulikuwa na sufuria kubwa moja na ya kati moja. Zote mbili zilichukua nusu ya maharage. Nusu nyingine nikayachuja maji, nikayarudisha kwenye ndoo, nikayafunika kwa kitambaa na kuyasogeza uani kivulini yasubiri zamu.

Sasa, mimi nilikuwa nimeona mara nyingi jinsi maharage mazuri yanavyokuwa mezani: yana nyanya, yana kitunguu, yana rojo zito. Kwa hiyo nikaona kwa nini nipike halafu niunge, mara mbili mbili, wakati naweza kuweka kila kitu mwanzoni na kuokoa moto? Nikakata nyanya kumi na mbili, nikatupia vitunguu, nikakamulia malimau mawili kwa ajili ya ladha. Jiko likanukia. Nikajipongeza.

Yalipoanza kuchemka, nikapata wazo la pili la kuokoa. Nikapunguza moto. Kisha nikapunguza tena. Ukweli ni kwamba nilipunguza mpaka ule mwali wa buluu ukabaki kama unaomba ruhusa ya kuwaka. Sufuria ikatulia kabisa, hakuna hata povu. Nikaona raha: gesi haitumiki na chakula kiko jikoni. Nikavuta kiti.

Kila nusu saa nilionja. Saa nne, magumu. Saa tano, magumu. Saa sita nilitafuna matano hivi, yana ukakasi, katikati yamekaa kama chaki. Nikasema moyoni, bado kidogo.

Saa nane mchana tumbo langu liliuliza swali. Saa nane na robo lilijijibu lenyewe.

Ndugu zangu, sitaeleza kila kitu, watoto wanaweza kusoma. Niseme tu kwamba njia kati ya kitanda na choo nilikuja kuijua vigae kwa vigae. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili, na haitoki kwa kubembelezwa. Inataka yachemke kwelikweli, maji yanatokota, kwa dakika 10 au zaidi, na maji ya kuloweka uwe umeyamwaga. Moto mdogo usiochemsha hauimalizi. Unaweza hata kuyafanya yawe na sumu kali kuliko mabichi yenyewe. Na hayahitajiki mengi, manne au matano yanatosha kumlaza mtu mzima. Mimi nilikuwa nimeonja tangu saa nne. Kwa bahati watoto walikuwa wameyakataa wenyewe. Kitinda mimba wangu alikuwa ameligonga moja kwa kijiko, likaruka na kugonga ukuta, akasema, "Baba, hili halijafa."

Mke wangu akaniletea maji yenye sukari na chumvi kidogo, akaniwekea ndoo pembeni (nyingine, ile nilikuwa siwezi kuitazama), ndipo akaingia jikoni kwa mara ya kwanza siku ile. Nikasikia mfuniko unafunuliwa.

"Baba watoto."

"Naam."

"Nyanya umeweka saa ngapi?"

"Mwanzoni."

Kimya.

"Na hii harufu ni ya nini, limau?"

Nikajifanya nimesinzia.

"Maharage yakikutana na nyanya kabla hayajaiva, yanakaza roho," akasema. "Hata uyapike mpaka Krismasi."

Niliposoma baadaye nikakuta kwamba roho zenyewe ni kuta za chembechembe za maharage. Kinachozishikilia hulainika kwenye maji ya kawaida, lakini ukitia kitu chenye uchachu wa limau au nyanya kinang'ang'ania. Chumvi, ambayo mimi nilikuwa naiogopa, haina kosa hilo. Yaani kitu kimoja nilichokuwa na tahadhari nacho ndicho kilichokuwa hakina hatia.

Akapandisha moto. Sufuria zote mbili zikaanza kutokota kama zinagombana, na kwa masaa matatu nilisikia ule mngurumo nikiwa kitandani, nikihesabu gesi inavyokwenda. Saa kumi na mbili jioni mngurumo ukapungua, ukawa mnong'ono, ukakata. Mtungi uliotakiwa kumaliza mwezi ulikuwa umekufa tarehe tano.

Jioni ile tulikula chakula cha kununua. Watu wanne, na mmoja wao akinusa tu.

Kesho yake nikaamka na nguvu kidogo na mtungi mpya, na sikuwa nimekubali kushindwa. Nilikuwa nimesikia kwamba soda ya kupikia hulainisha maharage. Ni kweli, inafanya kinyume kabisa cha limau, robo kijiko cha chai inatosha sufuria. Nikapima robo, nikaitazama, nikaona inanidharau. Nikaweka vijiko vitatu vikubwa kila sufuria.

Povu lilipanda mpaka likashuka kwenye jiko. Lilipotulia, ndani ya muda mfupi maharage yakalainika. Yakaendelea kulainika. Ngozi zikaachana na miili, zikaelea juu, na chini kukabaki uji wa rangi ya matofali. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Nilikuwa nimewahi kuonja kitu cha namna ile mara moja tu maishani, utotoni, nilipotukana mbele ya bibi akanisugua mdomo kwa sabuni.

Mkubwa wangu alikula kijiko kimoja kwa heshima. Akaniuliza taratibu, "Baba, tunakula au tunafulia?" Nikamtazama mama yake. Mama yake akawa anatazama dirishani, mabega yanamcheza.

Siku ya tatu nikakumbuka ile nusu nyingine uani. Nilifunua kitambaa, nikaruka nyuma. Maharage yote yalikuwa yameota vimkia vyeupe, vimejikunja, vinene. Funza! Nikasema hii ikionekana nimekwisha. Mke wangu alikuwa anaoga. Nikabeba ndoo mbio mpaka nyuma ya nyumba, nikayamwaga ardhini, nikayasambaza kwa mguu, nikayafukia kwa udongo mwembamba, nikapigapiga kwa koleo pakawa tambarare kama pasipowahi kutokea jambo. Nikaosha ndoo na kuianika. Alipotoka bafuni alinikuta nasoma.

"Yale mengine yako wapi?"

"Nimeyagawa."

"Umempa nani?"

"Watu," nikasema.

"Sawa."

Mwisho wa wiki nikakaa na daftari. Mimi nilikuwa nimeandika mstari mmoja, kwa herufi kubwa, siku ile ya kwanza: MAHARAGE KILO 8, AKIBA KUBWA. Chini yake nikakuta mistari ambayo sikuiandika, kwa mwandiko mdogo uliolala kidogo kulia. *Gesi, kabla ya wakati wake. Chakula cha kununua, watu wanne. Nyanya kumi na mbili. Malimau mawili, ya kukazia. Soda ya kupikia, pakiti nzima. Kikaango, mpini.* Na mwishoni, ikiwa imepigiwa mistari miwili, jumla. Nikaguna. Safari hii nikaishia hapo.

Kwa siku zilizofuata akanifundisha, bila kusema ananifundisha. Kikombe kimoja na nusu cha maharage usiku, si ndoo. Maji yamwagwe asubuhi. Yachemke kwa nguvu kwanza, halafu ndipo mfuniko na moto wa wastani. Kitunguu na nyanya vikaangwe pembeni, viingie maharage yakishapondeka kwa vidole viwili. Sufuria moja ya hayo ilitulisha mara mbili, na ya tatu ikawa supu. Matumizi yakashuka kweli, na sikusema neno.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, kama siku kumi tangu ile ya koleo, nikasikia naitwa kutoka nyuma ya nyumba. Sauti ilikuwa tamu mno.

"Baba watoto! Njoo. Njoo na daftari."

Nilitoka na kandambili. Alikuwa amesimama na watoto wote wawili, wameinama. Ardhi yote pale nilipopasawazisha ilikuwa imepasuka. Mamia ya shingo za kijani yalikuwa yanatoka udongoni yamejipinda, kila moja imebeba harage lake kichwani, limegawanyika nusu mbili kama mdomo unaotaka kusema. Mengine yalikuwa yameshanyooka na kufungua majani mawili mawili. Yalikuwa yamesongamana kutoka ukutani mpaka kwenye kamba ya nguo.

Kitinda mimba akanitazama. "Baba, hawa ndio wale watu uliowagawia?"

Mke wangu akanipa kalamu.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika shamba. Upande wa mapato."