Sewanee na kiti ilichokiacha SEC

Kila Southeastern Conference, SEC, ligi ya michezo ya vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani, inapotangaza mgawo wake wa fedha wa mwaka kwa wanachama, hawakosekani mashabiki wa futiboli ya Kimarekani wanaoikumbuka Sewanee kwa kuicheka. Chuo hiki kidogo cha Kanisa la Episkopali, kilicho juu ya mlima huko Tennessee, kilikuwa mmoja wa wanachama 13 walioianzisha ligi hiyo mwaka 1932. Mwaka 1940 kikajitoa chenyewe, bila kufukuzwa. Leo mgawo wa mwanachama mmoja unapita dola milioni 50 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni fedha za televisheni. Kwa hesabu ya wanaocheka, Sewanee ilitupa bahati yake.

Wanachosahau ni namna Sewanee ilivyokuwa ikikikalia kiti hicho. Kwa misimu minane ilicheza mechi 37 za ligi na kupoteza zote 37. Hakuna hata sare. Katika mechi 26 ilitoka kapa. Jumla ilifungwa pointi 1,163, yenyewe ikafunga 84. Tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mpinzani, ni pointi sita, kwa hiyo hata kama zote 84 zingetokana na tachidauni, zingekuwa 14 tu katika miaka minane. Timu nzuri huweza kufikisha idadi hiyo kwa mechi tatu au nne. Ilikuwa kichwa cha mwendawazimu, na huu si mchezo ambao kufungwa huumiza moyo peke yake. Kila pointi ile ina kijana aliyegongwa akaangushwa chini na mtu aliyeletwa chuoni kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake. Kuanzia 1935 SEC iliruhusu waziwazi wachezaji kulipiwa masomo kwa ajili ya mpira. Vyuo vya majimbo vilikuwa na maelfu ya wanafunzi wa kuchagua. Sewanee ilikuwa na mia chache.

Alexander Guerry alishika uongozi wa chuo mwaka 1938, akafuta ufadhili wa wanamichezo, na miaka miwili baadaye SEC ikabaki na wanachama 12.

Wanaompinga wana hoja ya maana: msimamo wa anayefungwa kila wiki ni rahisi kuuchukua. Tena wanauliza, usafi huo wa kuutenga mpira na fedha ulikuwepo lini? Fahari kuu ya Sewanee ni timu ya 1899, iliyoshinda mechi zake zote 12. Mwezi Novemba mwaka huo ilipanda treni ikazunguka zaidi ya kilomita 4,000, na ndani ya siku sita ikazifunga timu za vyuo vya Texas, Texas A&M, Tulane, LSU na Ole Miss, zote zikitoka kapa. Siku pekee ya mapumziko ilikuwa Jumapili. Wachezaji walilala ndani ya behewa na kunywa maji ya mapipa waliyoyabeba kutoka mlimani kwao. Sasa, safari hiyo ilipangwa kwa nini? Kwa sababu ya hela. Sewanee na chuo jirani cha Vanderbilt walikuwa wamegombana juu ya mapato ya mlangoni, mechi yenye faida ikapotea, na meneja Luke Lea akatafuta pengine pa kuziba pengo. (Ndiye Lea huyohuyo aliyekuja kuwa seneta, na mwaka 1919 akaenda Uholanzi na wenzake kujaribu kumteka Kaiser, mfalme wa zamani wa Ujerumani. Safari ya treni haikuwa wazo lake la ajabu kuliko yote.)

Nakubali, fedha ilikuwepo tangu mwanzo. Lakini mwaka 1899 Lea alikuwa akitafuta fedha ya kuwawezesha wanafunzi kucheza. Kufikia 1940 chuo kingelazimika kutafuta wachezaji wa kukiletea fedha, kisha kiwaite wanafunzi.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya ufadhili wenyewe. Mtoto wa mkulima au wa mchimba makaa ya mawe wa Alabama aliingia darasani kwa sababu alijua kukimbia na mpira. Kuufuta mlango huo katika chuo kilichosomesha watoto wa watu wenye uwezo si jambo la kupigiwa makofi tu. Ingawa tusiupambe sana mlango huo: mchezaji wa kwanza mweusi katika futiboli ya SEC, Nate Northington wa Kentucky, alicheza mwaka 1967.

Na Sewanee haikuacha kucheza. Ilitafuta wa saizi yake, na chini ya kocha Shirley Majors ikamaliza misimu ya 1958 na 1963 bila kupoteza mechi. Leo iko Daraja la Tatu la michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili wa michezo, wakati vyuo vikubwa vimeruhusiwa tangu 2025 kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Wenye kucheka hupenda kuitaja Vanderbilt, jirani aliyevumilia akabaki SEC. Oktoba 2024 iliifunga Alabama, iliyokuwa namba moja nchini, 40 kwa 35, na mashabiki wakang'oa magoli wakayatupa mtoni. Mara ya mwisho kabla ya hapo kuifunga Alabama ilikuwa 1984. Vanderbilt ina jiji la Nashville, na wanafunzi wa shahada ya kwanza kama 7,000. Sewanee ina kama 1,700, na wangesubiri miaka hiyo 40 kwa miili ya nani?