Jicho Linaloweza Kujibiwa

Nilipokuwa bado nyumbani nilisoma 1984 ya George Orwell, riwaya iliyotoka mwaka 1949, nikaamini kwamba inahusu serikali tu. Kuna ile skrini ya ukutani ambayo haizimiki kabisa, inasikia na kuona. Asubuhi moja wakati wa mazoezi ya viungo inamfokea mhusika mkuu, Winston Smith, kwa namba, "6079 Smith W", kwa sababu hajainama vya kutosha. Nikafunga kitabu nikishukuru Mungu kwamba kwetu hakuna skrini kama ile. Sikuwaza kwamba kwetu tulikuwa na majirani.

Nikiwa na miaka 19 nilisimama njiani na msichana mmoja, labda dakika kumi. Nikarudi kwa kupitia njia ya nyuma. Kabla sijavua viatu mama akaniuliza, "Yule binti ni wa nani?" Habari ilikuwa imenitangulia. Usiku ule niliapa kwamba nikipata nafasi nitakwenda kuishi mahali ambapo hakuna anayenijua.

Nafasi nikaipata. Huku ughaibuni naweza kumaliza wiki nzima pasipo mtu kutamka jina langu, na mwaka wa kwanza niliona raha ambayo sijawahi kuionja. Nilivaa nilichotaka, nikalala nilipotaka, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Kisha ukafika wakati wa kuongeza muda wa kibali cha ukaazi. Jina langu lina maneno manne, fomu ya kwenye kompyuta ilikuwa na nafasi mbili. Pasipoti ikasema hivi, fomu ikasema vile, mfumo ukaona watu wawili tofauti. Dada wa dirishani hakuwa mkali hata kidogo. Aligeuza skrini nikaona kisanduku chekundu, akasema, "Mfumo unakataa." Nikamuuliza nizungumze na nani basi. Akaniandikia namba ya kumbukumbu kwenye kikaratasi. Kwa wiki saba nilikuwa namba ile. Nikipiga simu siulizwi jina, naulizwa namba, halafu naambiwa nisubiri.

Katika wiki hizo ndipo nilipomsoma Yevgeny Zamyatin. Huyu alikuwa mhandisi wa meli, Mrusi. Mwaka 1916 alikwenda Newcastle, Uingereza, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu kwa ajili ya nchi yake, akarudi kwao mwaka 1917. Maisha ya Uingereza yalimpa riwaya fupi yenye kasisi mwenye ratiba ya kula, ratiba ya kutubu, hata ratiba ya kuvuta hewa safi. Miaka michache baadaye, kati ya 1920 na 1921, akaandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Sisi". Humo watu wanakaa katika nyumba za vioo na wanaitwa kwa herufi na tarakimu. Kila tonge hutafunwa mara 50. Kwa siku wana saa mbili tu za kwao wenyewe, moja jioni na nyingine usiku, na pazia hushushwa kwa kibali.

Wengi husema ile ni picha ya utawala wa Kisovieti, na watawala wenyewe waliiona hivyo: kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924, na nchini kwake hakikuchapishwa hadi 1988. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin kuomba ruhusa ya kuondoka, akaipata, akafia Paris mwaka 1937. Lakini mimi nasoma kitabu cha mtu aliyeishi pande mbili. Naona ratiba aliiokota ugenini na walinzi wa serikali akawaona kwao, akaviunganisha. Mtu ambaye hajawahi kuhama angeona upande mmoja tu.

Na katika nyumba zile za vioo kuna jambo lililonikaa kooni. Kila mtu anaonekana, ila hakuna anayemjua mwenzake. Mhusika mkuu, D-503, anapoanza kupenda, hana pa kujieleza. Mwishowe wanampasua na kumwondolea uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo, na yule mwanamke aliyempenda anateswa mbele yake, naye anatazama tu.

Nikakumbuka "Kusadikika" ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi ile nayo ni ya kutisha: wajumbe sita walitumwa nje, wakaona mema, wakayaleta, wakafungwa kwa hayo. (Aliye ughaibuni akiisoma sehemu hiyo lazima anyamaze kidogo.) Lakini Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya uanasheria, anapewa nafasi ya kusema. Anasema kwa kirefu, anasimulia habari za mjumbe mmoja baada ya mwingine, na waliomshtaki wanakaa kumsikiliza. D-503 hakupata baraza la namna hiyo.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoijali sasa. Nimeacha kuhesabu macho mangapi yananitazama. Nauliza kama jicho lina mdomo na masikio, kama naweza kulijibu, kulibishia, kulisihi. Shangazi aliyenisema mbele za watu nilimfuata kesho yake tukayamaliza. Kile kisanduku chekundu hakikuwa na kwake.

Lakini sisemi nyumbani ni peponi. Rafiki yangu mmoja alisemwa miaka miwili kwa jambo ambalo hakulifanya. Alikuwa yatima, hakuwa na mkubwa wa kusimama naye, na kila alipofungua mdomo walisema anazidisha. Yeye alihama kabla yangu. Aliniambia kwamba asubuhi ya kwanza katika mji ambao hakuna aliyemjua alitembea saa nne bila kwenda popote, akilia kwa furaha. Siwezi kumwambia arudi. Kwake jicho la nyumbani lilikuwa kiziwi kama mfumo wangu.

Kibali changu kilitoka hatimaye, bila maelezo yoyote. Wiki ile ile mama alinipigia simu. "Juzi nimekuona hewani WhatsApp saa tisa usiku. Mbona hulali?" Zamani ningekasirika. Nilikaa chini nikamweleza yote, kuanzia zile nafasi mbili za kwenye fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na jina lako sasa wameliandika lote?"