Vitanda vya umeme kwenye zahanati isiyo na umeme

Ndugu zangu wa diaspora naomba niseme hili japo najua wengine litawauma. Huu mwaka wa 11 niko Uingereza, hapa Leicester, kazi yangu kulea wazee. Kwetu ni Mpwapwa ndani ndani huko, zahanati yenyewe ni nguvu za wananchi, watu walisomba mawe na mchanga mpaka boma likafika kwenye lenta, likakaa hivyo miaka linanyeshewa ndo halmashauri ikaja kuezeka.

Sasa miaka minne iliyopita chama chetu huku tulichanga hela ya kontena, tukapata vitanda vya hospitali vilivyotumika, vizuri kabisa, vile vya kupanda na kushuka kwa rimoti, tukapiga picha tukarusha kwenye grupu. Nilipoenda likizo nikavikuta viwili chumba cha kujifungulia vimegandia juu, maana pale kuna paneli moja ya sola inawasha taa mbili na kuchaji simu ya nesi, basi. Mama ana uchungu anawekewa kigoda apande, nesi kamshika kiuno mkono mmoja na mwingine ana tochi. Kiukweli nililia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mganga mfawidhi anataka nini, na mimi ni mmoja wa waliopitisha. Hata zile dawa tulizopakia nyingi zilikuwa zimebakiza miezi michache tu, wakati mwongozo wa WHO unasema dawa ya msaada ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja.

Huku watu wanadhani serikali inafanya kila kitu kwa sababu ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, na ni kweli tangu 1948 mtu anamwona daktari bila kutoa hela (sisi wageni tunailipia kwenye viza na sio kidogo). Ila helikopta nyingi za kubeba majeruhi zinaendeshwa kwa michango, hospisi za wagonjwa walio mwishoni sehemu kubwa ni michango, boti za RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini, zipo tangu 1824 na wengi wanaozipanda wanajitolea. Na wanaochanga sio matajiri. Kuna bibi namhudumia anakatwa pauni 5 benki kila mwezi kwenda hospisi aliyofia mume wake, zaidi ya miaka ishirini sasa, hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Sisi sio wachoyo, asikudanganye mtu. Harusi moja Dar tunachanga mamilioni na kamati inakaa kila wiki. Shida yetu tunapenda kutoa mara moja kitu kikubwa kinachoonekana halafu tunapotea, na zahanati inakwama kwa vitu vidogo vya kila mwezi, glovu zimeisha, betri imekufa, maji hamna mama anaambiwa aje na ndoo yake. Shule ni hivyo hivyo. Elimu bila ada mpaka kidato cha nne ilianza 2016 na mimi naishukuru sana, watoto wa dada zangu wamesoma kwa hiyo, lakini mtoto katembea saa nzima asubuhi hajala na wazazi wameshindwa kuchangia mahindi ya uji, saa tano huyo kalala kwenye dawati. Mwalimu mgeni naye akikosa nyumba ya kukaa hachelewi kuomba uhamisho, yaani unajenga darasa zuri na wa kufundisha hayupo.

Saa hizi tumebaki 14, kila mtu pauni 5 kwa mwezi inakatwa yenyewe, hizo ni 70. Sisi hatuamui kitu. Kamati ya zahanati na ya shule wanakaa, mahitaji yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji kila mtu anasikia, ndo hela inatumwa. Cha kwanza waliomba betri ya sola. Vile vitanda walimwita fundi wa kuchomelea pale senta akavikata miguu, sasa mama anakaa tu mwenyewe. Mwezi huu wameomba glovu na magunia mawili ya mahindi, risiti imeandikwa kwa mkono na mhuri wa kijiji, nimeiona asubuhi hii nikitoka shifti ya usiku.