Jaji Ramadhani na suala la mgombea binafsi

Arusha tumezoea kuishi na mahakama za kimataifa kiasi kwamba wengi wetu hatujui yanayoamuliwa ndani yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo barabara ya Dodoma, katika majengo ya TANAPA, na kati ya majaji wake 11 ni Rais wake pekee anayefanya kazi muda wote na kuishi hapa, wengine wakija kwa vikao. Kuanzia Septemba 2014 hadi 2016 Rais huyo alikuwa Mtanzania, Jaji Augustino Ramadhani, na naona mji huu haujamzungumzia inavyostahili.

Wasifu wake husomwa zaidi kama orodha ya vyeo: mzaliwa wa Zanzibar, 1945, shahada ya sheria, 1970, Brigadia wa JWTZ, Jaji Mkuu wa Zanzibar kuanzia 1980 hadi 1989, Jaji wa Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na hata padri wa Kanisa Anglikana. Lakini mimi naamini jaji hupimwa kwa mashauri, na shauri linalompima Ramadhani ni lile la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi.

Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila kupitia chama cha siasa, na Bunge likaibadili Katiba kuizima haki hiyo. Mtikila hakukata tamaa. Alirudi mahakamani, na mwaka 2006 akashinda tena Mahakama Kuu. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba, likiongozwa na Ramadhani mwenyewe akiwa Jaji Mkuu, likautengua ushindi huo. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mahakama si mlinzi wa utashi wa wananchi, kwamba jambo hilo ni la kisiasa, na kwamba wa kulimaliza ni Bunge.

Nasema bila kusita kwamba hukumu ile ilikosea. Kwa mujibu wa Katiba yetu, mbunge hawezi kuchaguliwa bila kudhaminiwa na chama, na akikoma kuwa mwanachama hupoteza kiti chake. Kuliachia Bunge la namna hiyo liamue kama wasio na chama wagombee ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Haki iliyomo katika Katiba haihitaji kusubiri huruma ya wale wanaonufaika na kukosekana kwake.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba Ramadhani aliogopa. Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, na rasimu ya kwanza ya Tume hiyo, iliyozinduliwa tarehe 3 Juni 2013, ilipendekeza mgombea binafsi aruhusiwe. Kwangu huo ni ushahidi kwamba mwaka 2010 hakuwa akiikataa haki yenyewe. Alikuwa akiikataa njia ya kuipata kupitia hukumu.

Siku 11 baada ya uzinduzi huo, tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za Mtikila, na ikaiamuru ichukue hatua za kikatiba na kisheria kurekebisha hali hiyo. Ramadhani alikuwa tayari jaji wa mahakama hiyo, ila hakuketi kwenye shauri hilo, kwa kuwa Itifaki iliyoiunda mahakama hiyo inamzuia jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Mwaka uliofuata wenzake, baadhi yao wakiwa walewale walioukataa msimamo uliokuwa umeshinda chini ya uongozi wake Dar es Salaam, walimchagua awe Rais wao. Heshima ya namna hiyo haipatikani kwa cheo.

Sikupendezwa, na bado sipendezwi, na uamuzi wake wa kuwania kuteuliwa na CCM kugombea urais mwaka 2015 akiwa bado anaongoza mahakama hiyo. Jaji aliye kazini alipaswa kukaa mbali kabisa na kinyang'anyiro cha chama.

Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, jambo lililoniuma sana. Ramadhani alifariki tarehe 28 Aprili 2020, miezi michache kabla kujitoa huko hakujaanza kutumika. Amri ya 2013 bado haijatekelezwa, na wabunge hawana pa kujificha: hukumu ya Ramadhani iliwaachia wao jambo hili, na hukumu ya Arusha inaitaka nchi yao ilitekeleze. Walete muswada.