Maadamu Wameshafika, Waongezewe na Hili?

Chukua mafunzo ya siku tatu Uvinza, mkoani Kigoma. Wakuu wa shule na waganga wafawidhi wa zahanati wanafundishwa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi aliyopewa mwezeshaji, ziko wazi: mpango wa ununuzi wa mwaka, kutangaza zabuni, kutathmini. Siku ya kwanza wakati wa chai, mweka hazina wa halmashauri anamvuta mwezeshaji pembeni: "Mwalimu, maadamu wameshafika, wagusie na FFARS," yaani mfumo wa mahesabu ya vituo. Baada ya chakula mganga mkuu wa wilaya naye anakuja na lake, takwimu za chanjo.

Tusikimbilie kuwalaumu. Mtu wa Kalya, kule kando ya Ziwa Tanganyika, amekuja kwa boti, zahanati ameiacha na watumishi wachache, na posho imeshalipwa. Kumwita tena mwezi ujao ni gharama juu ya gharama, na pengine haitwi kabisa. Halafu mganga akifundishwa kununua asifundishwe kulipa, amefundishwa nusu kazi. Hapo aliyekosea ni mwandishi wa hadidu.

Tatizo ni kwamba nyongeza hula mazoezi. Mwezeshaji akibanwa na muda hapunguzi slaidi zake. Anapunguza ile saa ambayo mganga angekaa mwenyewe na kompyuta, akakosea nywila, akabofya pasipofaa, akarudi nyuma. Watu wanaondoka na vyeti, kisha simu ya mwezeshaji haiishi kuita: "Imegoma hapa kwenye kutuma." Na kazi hiyo ya kupokea simu haina mlipaji.

Wapo wanaotaka kila nyongeza ije kwa barua. Kwenye mkataba wa ujenzi, sawa. Hapa, barua ikimaliza kuzunguka masjala, washiriki wameshapanda boti kurudi.

Mimi ningeacha nusu siku wazi kwenye ratiba tangu mwanzo. Anayetaka kuongeza zaidi ya hapo aseme kinachotoka, kisha ujumbe uende kwenye kundi la WhatsApp la waandaaji, mkurugenzi akiwemo: kimeingia nini, kimetoka nini, kwa ombi la nani. (Jina likishaandikwa, maombi mengi hupungua yenyewe.) FFARS ingepita. Takwimu za chanjo, katika ukumbi ambao nusu yake ni walimu, zisubiri usimamizi shirikishi wa mganga mkuu mwenyewe, yaani ziara zake za kukagua na kuelekeza vituoni.