Safari ya Aprili Haipangwi Kando ya Hita

Safari yangu ya kwanza ya kutembea milimani na shanta mgongoni niliipanga nikiwa kwenye kochi. Ilikuwa Januari, hita inanguruma, chai ya tangawizi iko mkononi na soksi jozi mbili miguuni. Nje, magari ya majirani yalikuwa yamefunikwa theluji kama mikate iliyopakwa sukari. Nikafungua ramani ya hifadhi ya Shenandoah, Virginia, nikachagua wiki ya pili ya Aprili, nikachora usiku tatu porini. Kichwani mwangu Aprili ilikuwa maua, jua la upole na ndege wakiimba. Nani angenipinga? Nilikuwa nimechoka na baridi, na mtu aliyechoka na baridi akiulizwa Aprili ikoje atakuambia ni Tanga.

Siku ya pili nilikuwa nimesimama kando ya barabara, vidole havikunjuki, nikitafuta lifti ya kurudi nilikotoka.

Ndiyo maana nina ugomvi mdogo na wenzangu wa huku Maryland ambao kila winta wananitumia orodha zao za vifaa na picha za maporomoko ya maji. Wanasema winta ni wakati mzuri wa kupanga kwa sababu hakuna cha kufanya nje. Mimi naona kinyume chake. Winta inafaa kupangia kwa sababu baridi ipo pale nje ya mlango, bure, na unaweza kuijaribu ukiwa hatua kumi kutoka kitandani kwako. Atakayepanga ndani ya joto atapanga safari ya kwenye joto, na milima haitakuwa na habari naye.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo Aprili. Mlima mrefu kuliko yote Shenandoah ni Hawksbill, mita 1,235. Kwetu Moshi huo si mlima, ni njia ya kwenda shambani. Kuna watu Machame wanalima kahawa juu zaidi ya hapo. Lakini hesabu ni ileile kila mahali: ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa kama digrii sita na nusu. Washington iko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo kileleni Hawksbill utapungukiwa na digrii nane hivi, upepo bado hujauhesabu. Mjini watu wanakula aiskrimu, wewe usiku unapiga nyundo vigingi vya hema kwenye udongo ulioanza kuganda. Majira ya kuchipua kule juu ni winta ambayo imeshafunga virago ila bado haijatoka mlangoni.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna tatizo la ziada, na sijasikia tukilizungumza. Majira hayamo mwilini mwetu. Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, bila mjadala. Huku Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na katikati ya Aprili linazama karibu saa mbili kasorobo usiku. Mwaka ule nilipanga mwendo wangu kwa mazoea ya nyumbani, nikafika mahali pa kulala mapema mno, nikakaa saa nne nzima nikipigwa na upepo kwa sababu nilidhani giza liko karibu. Siku hizi naandika kwanza saa za machweo pembeni ya ramani, ndipo nagawa kilomita.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu, maana ndani yake mna somo lote.

Begi langu la kulalia lilikuwa limechapwa namba sifuri kubwa. Nikasema sawa, usiku haitafika sifuri, na ikifika nimejikinga. Sikujua kwamba mabegi haya hupimwa kwa namba mbili. Moja ni ya starehe, joto ambalo mtu analala bila taabu. Nyingine ni ya kikomo, ambapo mwanamume wa kawaida aliyejikunja kama mtoto tumboni bado anaweza kupata usingizi. Pengo kati yake huwa digrii tano au sita, na ile inayochapwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni ya kikomo, kwa sababu ndiyo inayouza. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua begi la digrii tano nikidhani nina begi la sifuri. Usiku ule ilishuka hadi hasi tatu.

Nililala nimejikunja, bila kulala. Asubuhi nikaenda kwenye chemchemi kuchuja maji. Kichujio changu, kile cha nyuzi laini zenye matundu, nilikuwa nimekiacha usiku kwenye mfuko wa nje wa shanta. Kikiwa na maji ndani kikaganda, na kichujio cha aina hiyo kikiganda hakiaminiki tena: nyuzi zinaweza kupasuka bila wewe kuona chochote, maji yanapita, vimelea nao wanapita. Basi, nikachemshe. Nikawasha jiko la gesi. Mtungi niliouziwa kwa bei nafuu ulikuwa na butani nyingi, na butani ya kawaida haigeuki kuwa mvuke ikiwa chini ya kama nusu digrii hasi. Moto ukatoka kama wa mshumaa. Isobutani ingenivusha mpaka karibu hasi kumi na mbili, na propani huko chini kabisa, hasi arobaini na mbili. Kwenye mtungi yote hayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo. Mimi nilikuwa nimesoma bei.

Ona jinsi mambo yanavyoshikana mikono. Begi likaninyima usingizi, kichujio kikaninyima maji, gesi ikaninyima chai, na mtu asiye na usingizi, maji wala chai hafikirii vizuri. Bahati yangu niko Shenandoah, ambako barabara ya Skyline Drive inapita mgongoni mwa milima kwa kilomita 169, na njia ya miguu inaikatiza mara kwa mara. Ndiyo sababu bado naipendekeza kwa anayeanza: ukishindwa, unashindwa karibu na lami.

Niliporudi nilimpigia mjomba Moshi. Yeye amebeba mizigo Kilimanjaro zaidi ya miaka ishirini, njia ya Machame na ya Marangu, na mzigo wa mpagazi hupimwa getini, haupaswi kuzidi kilo ishirini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia umeenda mlimani. Mzigo alikubebea nani?"

"Nilibeba mwenyewe."

Kimya kidogo. "Na wanakulipa shilingi ngapi?"

"Hawanilipi, mjomba. Nimelipa mimi, kibali cha kulala porini."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena hakuwa na mzaha. Aliuliza nilijaribu vitu vyangu wapi kabla ya kuondoka. Nikamwambia sikujaribu popote. Akasema, kwa sauti ile anayotumia kwa vijana wa siku ya kwanza, kwamba nguo za kulalia zinafungwa ndani ya nailoni kabla ya kuingia kwenye salfeti, na haziguswi mchana hata ulowe namna gani. Na kwamba buti jipya halivaliwi mlimani, linavaliwa sokoni.

Mwaka uliofuata nikaanza kulala kwenye baraza. Tunakaa ghorofa ya tatu, na baraza letu linatosha viti viwili na ndoo ya kupigia deki. Januari, nikatandika pale. Usiku wa kwanza nilivumilia mpaka saa nane, nikarudi ndani nikitetemeka, lakini nimepata jibu ambalo hakuna orodha iliyowahi kunipa: baridi ilikuwa inatoka chini. Manyoya ya bata yaliyojazwa kwenye begi, yale yaliyo chini ya mgongo wako, yanabanwa na uzito, na yakishabanwa hayana kazi. Kinachokutenga na ardhi ni godoro, na langu la kujaza upepo lilikuwa puto tupu lisilo na kitu ndani cha kuzuia baridi. Ningenunua begi ghali zaidi nikabaki na shida ileile. Usiku wa pili nikaweka mkeka wa povu chini ya godoro, nikalala mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wa tatu nikala wali na maharage kabla ya kulala, nikajaza chupa maji ya moto nikaiweka miguuni. Niliamshwa na gari la taka.

Kichujio nacho nililala nacho, kimefungwa kwenye soksi.

Mazoezi ya mzigo nayafanya kwenye ngazi za jengo, na mfuko wa mchele wa kilo kumi ndani ya shanta. Mama mmoja wa Kihabeshi wa ghorofa ya pili alinikuta mara tatu wiki moja nikipanda na kushuka, mara ya nne akaniuliza kwa upole kama mke wangu amenifukuza. Mzigo wangu sasa una kilo kumi na mbili pamoja na chakula cha siku nne. Mwaka ule wa aibu ulikuwa kumi na tisa, kilo moja tu pungufu ya mpagazi wa Kilimanjaro, ambaye analipwa.

Kupe nitawasema kwa kifupi kwa sababu Waafrika tunawadharau, tunadhani ni shida ya ng'ombe. Huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, na wanaanza kuzurura mara joto linapopanda kidogo. Suruali na soksi zipuliziwe permethrini, dawa ya kuua wadudu, mapema, zikauke, mambo yaishe.

Hata hivyo kuna upangaji mmoja ambao kwa kweli unafaa kando ya hita, nao ni kusoma. Winta hii nachora sehemu ya kati ya hifadhi, kutoka Thornton Gap hadi Swift Run Gap, takribani kilomita 55 kwa Appalachian, ile njia ya miguu inayopita mgongoni mwa milima. Nikawa nasoma historia ya kila mahali penye jina. Hifadhi ilianzishwa rasmi mwaka 1935, na kabla ya hapo familia mamia zilikuwa zinaishi pale. Jimbo la Virginia likachukua ardhi yao na kuwahamisha. Ukuta wa mawe katikati ya msitu, ule niliopiga picha mara ya kwanza nikidhani ni wa askari wa hifadhi, ulikuwa uzio wa shamba la mtu. Mtu aliyetoka nchi ambayo vijiji vimehamishwa kupisha hifadhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha nikafika Lewis Mountain. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya watu weusi peke yao, kwa sababu sehemu nyingine za kulala ndani ya hifadhi zilikuwa za weupe. Ubaguzi huo ulikwisha kabisa mwaka 1950. Nilipita pale mwaka jana nikitafuta bomba la maji. Sikujua. Nilijaza chupa, nikala karanga, nikaondoka. Binamu zangu wanaponiambia kutembea porini ni mambo ya wazungu, siku hizi nina jibu: mwaka 1939 watu walioambiwa mahali pao ni kilima kimoja tu walipakia vyombo wakaenda hapohapo, wakapika na kulala. Safari hii nitakula chakula cha mchana Lewis Mountain, na nitakaa kwa kituo.

Tarehe nimeisogeza mbele, wiki ya mwisho ya Aprili. Mwishoni mwa mwezi huo maua meupe ya trilia yanaanza kufunika sakafu ya msitu, na ule ukijani unaoanzia bondeni unakuwa umepanda nusu ya mlima, kwa hiyo ndani ya siku moja unaweza kuamka kwenye miti mitupu ya winta na kushukia kwenye majani mapya. Kabla majani hayajajaa unaona mbali kupitia matawi, ingawa jua nalo linakuona. Kofia haiachwi nyumbani. Moto wa kuni sitauwasha, kwani porini Shenandoah hauruhusiwi isipokuwa kwenye mafiga yaliyojengwa penye vibanda. Chakula kinaning'inizwa mita tatu juu na zaidi ya mita moja kutoka shinani kwa sababu ya dubu weusi, na kamba ya kazi hiyo nimeshaijaribu kwenye mti wa nyuma ya jengo, saa nne usiku, ili nisionekane. Jaribio la tano ndilo lililopita juu ya tawi.

Leo ni Jumamosi ya pili ya Februari. Utabiri unasema hasi tano usiku huu, na upepo. Nimeshatandika barazani, kichujio kiko kwenye soksi, chupa inasubiri birika lichemke. Mke wangu amekuja mlangoni na blanketi mabegani, akaniangalia, akauliza kama afunge kwa ndani ili baridi isiingie.

Nimemwambia afunge. Simu ninayo.