Sasa Mbwa Nao Wanatafutiwa pa Kubarizi

Tangu niliposikia kwamba kiwanja cha wazi cha mtaani kwetu hapa Tanga kinapendekezwa kuzungushiwa uzio ili kiwe bustani ya mbwa, yaani mahali pa kuwafungulia mbwa kamba wakimbie na kucheza, hata chai ya asubuhi hainipiti vizuri kooni. Sina ugomvi na mbwa. Ninaye wangu, Popi, ambaye mchana hulala chini ya mwembe na usiku hubwekea kila pikipiki ipitayo, isipokuwa ile iliyokuja kuniibia baiskeli.

Kiwanja chenyewe hakijawahi kukaa bure. Jioni vijana huchezea mpira, pembeni mama mmoja hukaanga mihogo, na mtaa ukiwa na harusi au msiba, turubai hufungwa papo hapo. Benchi hakuna, bomba hakuna, na kivuli ni cha mti mmoja unaogombewa. Basi katika kikao cha mtaa akasimama jirani yetu mwenye mbwa watatu wa kizungu, kila mmoja akila nyama kunishinda mimi, akatueleza jinsi bustani hiyo inavyotakiwa kuwa: mageti mawili yanayofuatana, ufunge la kwanza ndipo ufungue la pili, mbwa asije akachomoka, uzio wa kati, ili mbwa wakubwa wasiwaonee wadogo, maji safi ya kunywa, mabenchi, vivuli, na mifuko ya kuokotea kinyesi.

Mzee mmoja akauliza, "Anayeokota ni nani, mwanangu?"

"Mwenye mbwa, mzee wangu."

Watu wakaangua kicheko mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nawaza jambo zito zaidi: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na samaki wangu nawabeba kwa kikapu cha ukili. Je, hicho kinyesi nacho kitapewa kikapu?

Tukapewa mfano wa Berkeley, California, ambako bustani ya mbwa ya Ohlone, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa nchini Marekani, imekuwapo tangu mwaka 1979. Nawapa hongera. Lakini mbwa wa huko hushinda ndani ya nyumba na hutoka kwa kamba, kwa hiyo ni haki yake kutafutiwa mahali pa kunyoosha miguu, ilhali Popi hutoka Chumbageni akafika Makorora na kurudi bila kumuaga mtu wala kulipa nauli. Anachokosa mbwa wa kwetu ni sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno, na chanjo ndiyo kinga. Hata hivyo, katika maelezo yote yale chanjo haikupewa hata sentensi moja, wakati mabenchi yalielezwa mpaka rangi yake.

Kisha kuna suala la mpira. Vijana wameahidiwa kipande kitakachobaki nje ya uzio, na kwa jinsi wanavyopiga mashuti, kila jioni mpira utaangukia kwa mbwa na kurudi umelowa mate. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na kitu kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mechi hiyo itakwisha saa ngapi? Refa naye atakuwa anahesabu mabao au maji?

Kikao kilifungwa bila uamuzi, isipokuwa kuhusu mchango, maana mchango hauhitaji uamuzi. Mjumbe amekwisha kupita na daftari, na bibi mwenye nyumba ya jirani, ambaye anafuga paka tu, ameandikiwa kiasi kilekile alichoandikiwa mwenye mbwa watatu. Nilipohoji, nikajibiwa kwa upole kwamba mchango huhesabiwa kwa kaya, hauhesabiwi kwa mikia.